Gari Alilouza Shemeji

Ijumaa, tarehe 17 Januari 2014. Asubuhi hiyo baridi ilishuka hadi nyuzi ishirini na saba chini ya sifuri. Upepo haukuwepo kabisa, na moshi wa kila nyumba ya kijiji cha Haukivaara ulipanda wima juu ya theluji.

Taimi Kortesalmi alichomoa waya wa umeme uliopasha injini joto usiku kucha kutoka kwenye nguzo ya uani, akaukunja, akaingia garini. Alisema sala yake fupi ya safari, kisha akawasha. Gari liliitika mara moja, halafu likapiga yowe.

Halikuwa jambo geni. Tangu Novemba gari lilikuwa likilia kila asubuhi, kilio chembamba kilichotoka mbele, upande wa mkanda wa injini, na baada ya kuvuka daraja hunyamaza. Taimi alikuwa ameshazoea. Alikuwa hata akiongea nalo, "Haya, haya, tumeamka wote." Lakini leo daraja lilipita, kanisa likapita, na kelele ikazidi. Alipofika kwa bibi Lempi, mgonjwa wa kwanza katika kazi yake ya uuguzi wa majumbani, mlango ulikuwa umefunguliwa kabla hajazima injini.

"Mwanangu, umeniletea nguruwe?" bibi Lempi aliuliza, shuka begani. "Krismasi si imepita?"

"Ni mkanda tu, bibi. Rudi ndani, utaganda."

"Mkanda! Mume wangu marehemu alikuwa na trekta inalia hivyo hivyo. Siku ilipoacha kulia ndiyo siku tuliyorudi kwa miguu."

Taimi alicheka, akampima shinikizo la damu, akamfunga kidonda cha mguu, akachemsha uji wa shayiri. Lakini maneno yale hayakumtoka akilini. Barabara ya kwa bibi Lempi ilipita msituni, na katikati yake simu haikupata mtandao. Kwa hiyo alipomaliza mzunguko wa asubuhi hakwenda nyumbani kula. Alikwenda moja kwa moja kwa Jouko, fundi wa njia panda.

Njiani aliomba, naye hakuombea gari. Aliomba isiwe kile alichokuwa akikihofia. Gari lile aliuziwa mwezi wa kumi na Reino, kaka wa marehemu mumewe, Aarre. Aarre alipokufa, Reino ndiye aliyemshika mkono kaburini. Ndiye aliyekuja kila msimu wa baridi kuzoa theluji uani bila kuitwa, na ndiye aliyesimama mbele katika nyumba ya sala, walikokutana waumini wenzao, na kuwasomea Neno. Kama palikuwa na mtu mmoja duniani ambaye Taimi aliyaamini maneno yake bila kuyapima, alikuwa ni Reino. Taimi hakuwa na mwingine wa namna hiyo, na hakutaka kumpoteza.

Ndiyo maana siku ya kununua hakufungua boneti. Watu wa nyumba ya sala hawafanyi hivyo wao kwa wao. Ukinunua gari kwa mgeni, unalala chini yake na tochi. Ukinunua kwa ndugu katika imani, mnashikana mikono, mnakunywa kahawa, basi. Kufungua boneti mbele yake ni kumwambia kwamba ndiyo yake si ndiyo.

Jouko alikuwa amesimama mlangoni mwa gereji akimngoja.

"Nimekusikia tangu darajani," alisema. "Nikasema, ama Taimi anakuja, ama treni imepotea njia."

"Cheka tu, fundi. Liangalie."

"Ningoje umalize kuomba kwanza?"

"Nimeshaomba. Sasa zamu yako."

Jouko hakuwa mtu wa nyumba ya sala, na walikuwa wakitaniana hivyo tangu shule ya msingi. Aliliingiza gari ndani, akafungua boneti, akaliacha lingurume. Akachukua chupa ya maji akanyunyizia kidogo juu ya mkanda. Kelele ikapanda ghafla mpaka Taimi akaziba masikio.

"Umesikia? Mkanda unateleza. Haujakazwa."

Akazima, akaulegeza mkanda, akautoa na kuuinua kwenye taa. Meno yake yalikuwa yamejaa utando mweusi unaonata. Jouko alisugua kidole, akakinusa, akakunja uso.

"Huu umepuliziwa dawa. Tena si kidogo."

"Dawa gani?"

"Ya kunyamazisha. Unapuliza, mkanda unashika kwa muda. Ikija baridi ya kweli, utando unakuwa mgumu, kelele inarudi mara mbili. Ni kama kumpa mtu pipi kwa ajili ya jino bovu." Akaingiza mkono chini, akaizungusha puli ndogo inayokaza mkanda. Ilitoa sauti kama ya kokoto kwenye kopo. "Na jino lenyewe ndilo hili. Beringi imekwisha. Ikikwama, mkanda unakatika. Mkanda ukikatika, pampu ya maji inasimama, betri haichajiwi, na wewe unasimama msituni na baridi hii. Lakini haya si mageni kwako. Reino lazima alikwambia."

"Aliniambia nini?"

Mkono wa Jouko uliacha kuzungusha.

"Taimi, bwana..."

"Aliniambia nini, Jouko?"

"Nilidhani umelinunua ukijua. Alilileta hapa mwezi wa tisa. Alisimama hapo hapo uliposimama, nikamzungushia puli hii kwa mkono akaisikia. Nikamwambia, hii ni ya kubadilisha kabla ya baridi. Akasema hana haraka. Akachukua chupa ya dawa pale rafuni, akaenda zake."

"Labda alisahau."

"Labda," Jouko alisema. Alikuwa anautazama mkanda.

Taimi alikaa kwenye kiti cha plastiki kando ya mlango. Alikumbuka kwamba siku ile ya mwezi wa kumi alipofika kwa Reino, gari lilikuwa tayari linanguruma uani, limeshapata joto. Alidhani ni ukarimu. Akakumbuka Novemba, alipomwambia baada ya ibada kwamba gari linalia asubuhi, na Reino akamshika bega. "Ni umande, Taimi. Magari ya zamani hunung'unika asubuhi kama sisi wazee." Walicheka wote wawili. Alirudi nyumbani siku hiyo akiwa mwepesi, akamshukuru Mungu kwa kumpa shemeji kama yule. Hilo ndilo lililomchoma kuliko yote, kwamba alishukuru.

Vipuri vilikuja na basi la asubuhi kutoka mjini Oulu. Jumamosi mchana Jouko alikuwa amefunga puli mpya na mkanda mpya, na gari likawaka kimya. Taimi alidhani atafurahi. Badala yake kimya kile kilimlemea njia nzima. Wakati gari lilikuwa likilia, aliweza kujiambia ni umande. Sasa hapakuwa na cha kujiambia. Alipita mbele ya nyumba ya Reino, akamwona mkewe Eila akikung'uta mazulia juu ya theluji. Eila alipunga mkono. Taimi hakusimama.

Jioni alipiga magoti kama kawaida. Aliwaombea wagonjwa wake mmoja mmoja, akawaombea watoto wa Haukivaara. Alipofika kwenye kusamehe, ulimi ulikataa. Alibaki pale magotini hadi miguu ikafa ganzi, akainuka bila kusema amina.

Jumapili nyumba ya sala ilijaa mapema. Kwenye chumba cha makoti watu walikuwa wakipigapiga viatu kutoa theluji, kahawa ikinukia, mikate mitamu ya iliki imepangwa mezani. Reino ndiye aliyekuwa wa kuhubiri siku hiyo. Bila shaka alikuwa ameliona gari kwa Jouko, kwa kuwa Haukivaara hakuna anayepita njia panda asione. Alimjia Taimi kabla hajavua glavu, mkono umenyooshwa, sauti yake ile ya kila siku.

"Salamu ya Mungu, Taimi. Nisamehe kama nimekukosea kwa lolote."

Waliokuwa karibu walisikia, wala hawakushangaa. Kwao mtu akiombwa msamaha, hujibu papo hapo: amini umesamehewa dhambi zako zote kwa jina na damu ya Yesu. Taimi alikuwa ametoa jibu hilo maisha yake yote, wakati mwingine akiwa na sahani za kuosha mkononi. Hakuna aliyewahi kuuliza swali. Reino alijua hivyo, na Taimi akaona machoni pake kwamba alijua. Alitaka neno moja dogo lifunike yote kabla halijatajwa, kama alivyopuliza dawa ile.

Taimi hakuuachia mkono wake.

"Kwa lipi, shemeji?"

Mwanamke mmoja alicheka kidogo, akidhani ni utani.

"Nimesema kwa lolote," Reino alijibu kwa sauti ya chini.

"Lolote silijui. Nitajie."

"Taimi, hapa si mahali pake. Tutaongea tukimaliza."

"Msamaha umeuombea hapa."

Mzee Urho, mkubwa wa nyumba ile, aliweka kikombe chake chini. "Ndugu Reino, mjibu dada."

Eila alikuwa nyuma ya meza na birika la kahawa mkononi. "Sema, Reino," alisema, na sauti yake ilikatika. "Nilikuwa ndani ya gari mwezi wa tisa. Nilimsikia Jouko akikuonya. Nimechoka."

Taimi aligeuka. "Hata wewe, Eila?"

Eila aliinamisha kichwa juu ya birika. Wanawake hawa wawili walikuwa wamesuka mazulia pamoja majira mengi ya baridi, kwenye kitanda kimoja cha kufumia.

Reino alianza kusema. Mwanzoni alisema kuhusu umri wa gari, kisha kuhusu kazi nyingi za vuli. Mzee Urho akakohoa. Hapo Reino akayasema kama yalivyokuwa: fundi alimwonyesha ubovu, naye akaupulizia mkanda dawa asubuhi ile ile Taimi aliyokuja, akaliacha gari lipate joto, na Novemba akamdanganya tena.

"Kwa nini mimi?" Taimi aliuliza. "Ungemuuzia mtu wa mjini."

Reino alitazama sakafu. "Mtu wa mjini angefungua boneti," alisema. "Wewe nilijua hutauliza."

Kofia ilidondoka kutoka kwenye kigingi na hakuna aliyeiokota. Reino akainua uso, na safari hii akamtazama Taimi machoni.

"Nisamehe, Taimi. Kwa hilo."

Taimi alitafuta moyoni mwake neno tamu na hakulipata. Alipata amri tu ya kusamehe, ile aliyofundishwa tangu utoto, nayo ilikuwa nzito mkononi kama ndoo iliyojaa. Akaibeba.

"Amini umesamehewa, kwa jina na damu ya Yesu," alisema. Kisha akauachia mkono wake na kuwageukia watu waliosimama kati ya makoti. "Nanyi nisikieni. Naahidi mbele yenu nyote kwamba jambo hili sitalitaja tena, si kwake, si nyuma yake, mpaka siku nitakayokufa. Hilo naahidi. Ila kumwamini tena siahidi, na mtu yeyote asiniombe."