Celine Anakaguliwa

Ijumaa hiyo Celine Nabiswa alipiga viatu polishi mara mbili na hakuwa anaenda mahali. Mgeni ndiye alikuwa anakuja. Mwalimu kutoka chuo, mpaka Huruma, mpaka ndani ya plot yetu, hizi nyumba za kupanga!

Mwaka huo, tisini na sita, chuo yao ilianzisha mpango mpya. Mbali na digrii unapewa cheti ingine inasema unajua kufanya nini: kupanga watu, kumaliza shida, kuelezea watu kitu wakaelewa. Makampuni yakitaka vijana, majina ya wenye hiyo cheti ndio yanapelekwa kwanza. Lakini kwanza lazima mwalimu aje akukague mahali unafanya kazi. Wenzake walienda kukaguliwa kwa maofisi ya wajomba zao. Celine alizunguka viwanda vya Industrial Area wiki tatu, hakuna geti ilifunguka. Babake alikuwa kibarua huko huko, mjomba wa ofisi angemtoa wapi? Basi kwa fomu, mahali wameuliza unafanya kazi gani, akaandika: foleni ya maji.

Na haikuwa uongo. Maji kwetu ilikuja Jumanne na Ijumaa, mfereji mmoja, nyumba arobaini. Zamani ilikuwa ni ngumi tu. Mama Vivian wa chini aliwahi kupasuliwa mdomo na mtungi. Celine akaweka sheria: panga mtungi jioni, nenda ulale. Chota mbili, rudi nyuma. Wazee na wajawazito mbele. Nafasi ya kila mtu aliiweka kwa kichwa, hakuandika popote. Miezi nane, hakuna mtu alishika mwenzake shati.

Alhamisi akapita mlango kwa mlango. "Kesho kuna mtu anakuja kutukagua. Atauliza maswali. Mjibu tu ukweli."

Hapo ndio alikosea. Kwetu kukagua ilikuwa kazi ya watu wa kanjo, askari wa council. Na ule mfereji haukuwa na mita, maji ilikuwa ya wizi.

Mwalimu Odera alifika saa tatu asubuhi, tai shingoni, faili kwapani. Chuo haikutaka mwanafunzi asikie mashahidi wakiulizwa, kwa hivyo Celine akaambiwa angoje juu kwa ngazi. Pale chini hakukuwa na mtungi hata mmoja. Yote ilikuwa imefichwa nyumbani.

"Habari ya asubuhi, mama," Odera akamwambia Mama Vivian. "Hii foleni ya maji inaongozwa na nani?"

"Foleni gani?" Mama Vivian hakuinua macho kwa maharagwe aliyokuwa anachagua.

"Ya maji."

"Maji? Sisi hapa tunakunywa soda, baba."

Watu wakacheka. Odera akaandika kitu.

"Unamjua Celine Nabiswa?"

"Yule msichana mpole? Huyo hata paka haimsikii."

Mzee Phares, aliyestaafu reli, akaongeza, "Hajawahi kuongoza mtu. Hata kanisani anakaa nyuma."

Shamso muuza maziwa akaona hiyo bado haitoshi. "Kazi hajui kabisa. Mkimshika mtakuwa mmeshika mtu wa bure."

Walikuwa wanampenda, hiyo ndio ilikuwa noma! Kila uongo ulikuwa wa kumuokoa.

Odera akamwita Celine chini. "Nimeuliza watu watatu. Wote wanasema hujui kitu."

Celine akawaangalia. Mama Vivian akamkonyezea jicho, kama mtu amemaliza kazi nzuri. Celine akaelewa.

"Mwalimu, wamefikiria wewe ni kanjo. Niliwaambia kuna mtu anakuja kutukagua."

"Inawezekana. Lakini siwezi kuandika kitu sijaona wala sijasikia. Na siku ya mwisho ya fomu ni leo."

Alikuwa anafunika kalamu wakati mfereji ulikohoa. Ukakohoa tena. Maji!

Milango yote ikafunguka. Mitungi ikatoka mbio, hakuna mstari, hakuna nani mbele. Shamso na Mama Vivian wakafika pamoja, kila mmoja na mkono juu ya mfereji.

"Toa mkono, mimi niko mbele yako!"

"Tangu lini, Mama Vivian? Na wewe unakunywa soda!"

"Celine!" Mama Vivian akapiga kelele. "Hebu mwambie huyu! Mimi nilikuwa nyuma ya nani?"

Celine hakupaza sauti. "Nasike kwanza, ni mjamzito. Halafu Mzee Phares, Shamso, Jimale. Mama Vivian, wewe ni wa tano."

"Wa tano? Haya."

Akatoa mkono. Celine akaendelea kutaja, jina baada ya jina, na mitungi ikasonga mpaka mstari ukafika geti.

"Kumbe foleni iko," Odera akasema.

"Kwani wewe si kanjo?" Mama Vivian akauliza.

"Mimi ni mwalimu wake."

"Si ungesema! Futa hayo maneno. Andika huyu ni mkubwa wetu."

"Yako hayafutwi, mama. Naandika yale nimeona mwenyewe." Akamgeukia Celine. "Kupanga watu, umepita. Kumaliza shida, umepita. Kuelezea watu wakaelewa, hapana. Neno moja tu ulisema na plot nzima ikajificha."

Celine akacheka. "Hiyo ni haki. Mbili zinatosha?"

"Zinatosha."

Akaweka faili kwa goti, akapiga sahihi.

"Asante, mwalimu," Celine akasema. "Sasa songa kidogo. Umesimama kwa nafasi ya Jimale."