Pindo la Mkurugenzi

Alhamisi saa nne asubuhi mkurugenzi alimletea fundi suruali tatu za kuteremsha pindo. Fundi alipiga magoti, akachomoa pini midomoni, akasimamisha futi sakafuni na kupima. Kutoka sakafuni mpaka kwenye soli ya kiatu cha mkurugenzi palikuwa na sentimeta mbili za hewa tupu.

"Mara ya mwisho zilikuwa ngapi?" mkurugenzi aliuliza.

"Hukuwa nazo, mzee. Ulikuwa unakanyaga chini."

"Basi teremsha mbili. Sipendi watu waone soli."

Fundi aliandika mbili kwenye daftari. Alikuwa ameshona miaka ishirini na moja katika chumba kile na alishapima miili ya kila namna, yenye bega moja juu na jingine chini, yenye matumbo yanayokuja na kuondoka. Kazi ya fundi ni kuufuata mwili ulivyo, na aliyeuleta ndiye anayejua ameutoa wapi.

Mkurugenzi huyo alikuwa wa kampuni ya ulinzi wa mitandao, mtaa wa pili, ghorofa ya sita. Ilizilinda kompyuta za mabenki na hospitali zisiingiliwe na wezi, na kwa kuwa nembo yake ilikuwa kufuli jekundu, watu waliiita Kufuli. Gazeti la siku hiyo, ukurasa wa kumi na nne, kwa herufi za kuumiza macho, lilitangaza kwamba mkurugenzi amenunua hisa elfu arobaini za Kufuli kwa jina lake mwenyewe.

Matangazo ya aina hiyo ndiyo yaliyowakutanisha watu watatu chumbani kwa fundi kila Alhamisi mchana: fundi mwenyewe, mwalimu mstaafu wa hesabu, na muuza miwani wa pale kona. Walisoma ni mkurugenzi gani amenunua hisa za kampuni yake, amenunua ngapi, na kama mkewe naye amenunua. Taarifa za faida na hasara hawakuzigusa. Mwalimu alisema hizo zinaandikwa na watu wanaolipwa kuziandika.

"Mimi namtazama mpishi," alisema. "Mpishi akijipakulia mwenyewe, ujue chakula kimeiva."

Siku hiyo fundi alikuwa na lake la kuongeza. "Na ameinuka sentimeta mbili," alisema.

Mwalimu aliomba daftari, akahakikisha, akagawanya elfu arobaini kwa mbili. "Hisa elfu ishirini kwa kila sentimeta. Jamani, hii habari gazeti halina."

Muuza miwani alisema huko nyuma ameona wakurugenzi wakinenepa baada ya kununua, ila kuinuka ni dalili safi zaidi, maana haichanganyiki na chakula.

Fundi alikuwa na sababu ya kutega sikio. Mwenye nyumba alikuwa anakiuza kile chumba, na kwa heshima ya miaka ishirini na moja alimpa yeye nafasi ya kwanza. Miezi mitatu, basi. Fundi alikuwa na nusu ya bei. Alikipenda chumba kile kuliko alivyowahi kumwambia mtu yeyote. Asubuhi mwanga wa dirishani ulianguka pale pale sindano inapoingilia kitambaa, na kila alipojaribu kujiona akishona kwingine, hakujiona. Alipiga moyo konde, akaitia ile nusu yote kwenye hisa za Kufuli.

Kesho yake viatu vyake vilizama sentimeta moja sakafuni. Saruji ilimpisha alipotembea, ikajifunga nyuma yake bila ufa. Haikuuma. Aliona tu kwamba meza ya kukatia imekuwa ndefu, akamwita seremala aipunguze miguu.

Wiki ya tano mkurugenzi alinunua tena, akaja na suruali zake, na futi ikasoma sentimeta tano. Bei ya hisa ilipanda, kwa sababu muuza miwani aliwaambia wateja wake, na wateja wakawaambia ndugu zao, na mtaa mzima ukawa unanunua Kufuli. Mtaa mzima ukazama mpaka vifundoni. Mwenye duka la viatu alilalamika kwamba siku hizi hakuna anayejali kiatu chake kikoje.

"Mzee, samahani kwa kuuliza," fundi alisema, pini zikiwa midomoni. "Hivi kwa nini umenunua?"

"Kampuni ilinikopesha fedha ninunue," mkurugenzi alijibu, akijitazama kwenye kioo. "Kisha mkopo ikanisamehe. Bei ilikuwa imelala, na nyinyi wawekezaji wadogo mna tabia ya kununua mkiona sisi tumenunua."

"Kwa hiyo mfukoni mwako hakijatoka kitu?"

"Nilitoa saini," mkurugenzi alisema, bila kuona haya. "Huo mguu wa kushoto naona umeuacha mfupi."

Alhamisi fundi aliyasimulia yote neno kwa neno. Mwalimu akajipiga paja.

"Yaani kampuni imetoa fedha zake yenyewe kununua hisa zake yenyewe! Nani anaijua kampuni kuliko kampuni?"

Muuza miwani alisema hata yeye alikuwa anakaribia kusema hivyo. Fundi alikubali pia, ingawa kuna kitu kilimkwaruza moyoni kama pini iliyosahaulika kwenye kola.

Wiki ya kumi na moja hisa zake zilifika bei ya chumba, zikabakiza na ya kununulia pazia. Wakati huo alikuwa amezama mpaka magotini. Dada yake mkubwa, ambaye ni muuguzi, alipita kumletea chakula cha mchana. Huyo alitembea juu ya sakafu kama kawaida, maana hakuwa na hisa hata moja.

"Mdogo wangu, uza leo," alisema. "Si ulitaka chumba? Umekipata. Sasa unangoja nini, uote mizizi?"

"Jumatatu, dada. Nakuapia Jumatatu nauza."

Ijumaa mkurugenzi alikuja na suruali sita. Fundi hakuhitaji tena kupiga magoti, sakafu ilishamfikisha. Alipima, akapima tena kwa futi nyingine. Sentimeta kumi na tisa.

Aliwapigia wenzake simu. Upande wa pili kalamu ya Mwalimu ilisikika ikikwaruza karatasi. "Kumi na nne zilizoongezeka, mara elfu ishirini," alisema. "Fundi, amenunua laki mbili na themanini elfu kwa mkupuo mmoja. Ukiuza Jumatatu, Jumanne utajililia mwenyewe."

Hakuna aliyesema wangoje gazeti. Na mkurugenzi mwenyewe fundi hakumuuliza safari hii, kwa kuwa aliona si adabu kumsumbua mteja kwa swali lile lile mara mbili.

Hakuuza.

Jumatano ilitangazwa kwamba wezi wa mitandao wamekuwa ndani ya kompyuta za Kufuli kwa miezi minne. Waliingia kwa nywila ya mwenyekiti wa kampuni, ambayo ilikuwa "kufuli". Wakurugenzi walijua tangu wiki ya kwanza ya kuingiliwa, na ndiyo maana walikubaliana mmoja wao anunue hisa hadharani, mioyo itulie. Kufikia mchana hisa iliyouzwa shilingi sitini ilikuwa inatafuta mnunuzi kwa shilingi tatu. Kesho yake gazeti, ukurasa wa kumi na nne, liliandika kwamba mkurugenzi aliuza hisa zake zote Ijumaa iliyopita, saa tatu asubuhi.

Kikao cha Alhamisi kilifanyika kwa simu. Mwalimu alikuwa sebuleni kwake, amezama mpaka kifuani.

"Kwa hiyo akinunua anainuka," alisema polepole, "na akiuza anainuka."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Hilo hatukulitia kwenye hesabu. Fundi, nisamehe. Mimi ndiye niliyekuzuia."

"Futi niliishika mimi," fundi alisema, kisha akalia. Alilia kwa sauti, mchana kweupe, mlango ukiwa wazi, akakililia chumba akiwa ndani yake. Alipomaliza alijifuta kwa kipande cha bitana, akaendelea na kola aliyoiacha. Sakafu ilikuwa imemfika kiunoni, na hapo ikakaza.

Ofisi inayosimamia soko la hisa ilituma afisa mwenye rula. Alizunguka mtaa mzima akiwapima waliozama, akapanda ghorofa ya sita akawapima walioinuka, na ripoti yake ikasema kanuni haizungumzii kina wala kimo. Dada mtu alianza kuja mara mbili kwa siku, na beseni la maji. Lile neno la mizizi hakulirudia, na fundi alimshukuru kwa hilo kuliko kwa maji.

Miezi mitatu ilipotimia, mwenye nyumba aliomba radhi, akamuuzia chumba aliyekuwa na fedha taslimu, yaani mkurugenzi. Mthamini alikuja na fomu, akapita akiita kwa sauti kila alichokiandika.

"Dirisha, moja. Mlango wa chuma, mmoja. Benchi, moja. Hiki cherehani?"

"Ni changu," fundi alisema.

"Kinanyanyuka?"

"Kinanyanyuka."

"Basi kweli ni chako." Alimshika fundi mabega, akamvuta juu kwa adabu, mara moja, kisha mara ya pili, akaandika: *Fundi, mmoja. Hahamishiki.* Akamwomba asome aone kama kuna kosa. Fundi alisoma. Halikuwapo.

Mkurugenzi aliingia akiinamisha kichwa asigonge kizingiti cha juu, akawasalimu wote, akamuuliza fundi hali ya mgongo wake. Karatasi ya mauziano iliwekwa kwenye meza ya kukatia. Upepo wa dirishani ukawa unaipeperusha, na kwa pale juu alipokuwa, mkurugenzi hakuweza kuikandamiza na kuandika kwa wakati mmoja.

"Fundi, nisaidie kidogo hapo," alisema.

Fundi aliinua mikono yote miwili, akaishika karatasi pembe mbili, akaitandaza vizuri kama kitambaa kinachosubiri mkasi, na hakuiachia mpaka wino ulipokauka.