Visahani Viwili vya Leonia

"Nani kafungua friza yangu?"

Leonia alisimama mlangoni mwa maabara, ndoo mkononi. Mahali pa visahani vyake viwili palikaa kreti za soda. Taa ya mionzi ilikuwa imechomolewa, waya wake umeviringwa vizuri. Huko kuviringa vizuri ndiko kulikomuudhi zaidi.

"Ni mimi, mama," alisema mkuu wa shule, Mwalimu Lazaro, akinyoosha tai. "Mgeni rasmi anakuja. Vile vibarafu nimevitoa nje tangu asubuhi."

"Vibarafu!"

Siku sitini na moja za kusubiri! Mwalimu Basil wa kemia, kabla hajahamishwa, alimweleza kwamba huko angani kuna barafu iliyoganda juu ya vumbi. Mionzi huipiga miaka na miaka, ikavunja molekuli ndogo zilizomo, na vipande vikashikana upya kuwa molekuli kubwa, nyingine kama zilizomo miilini mwetu. Leonia, msafishaji wa maabara, alibisha. Basi wakagandisha maji yenye methanoli na amonia, kisahani kimoja chini ya taa, kingine kimefunikwa foili kisipate mionzi. Jumatatu alikuwa avitume kwa Mwalimu Basil vikapimwe.

"Mkuu, Julai hii, na upepo huu wa Sumbawanga, nani atakunywa soda ya baridi?"

"Usinifundishe kazi. Yako ni kuosha vyombo."

Aliiacha ndoo pale mlangoni, akaenda kupanga soda.

Mgeni alifika saa sita, koti limefungwa hadi kidevuni. Leonia akampelekea soda. Mgeni aliigusa chupa, akarudisha mkono haraka.

"Samahani mama, hakuna ya moto?"

Leonia alimtazama mkuu. Mkuu akaitazama ratiba. Leonia aliitua chupa mezani kwa kishindo, akatoka.

Visahani vilikuwa dirishani nyuma ya maabara, juani. Barafu ilishayeyuka, na upepo ulishakausha maji. Kile cha foili, foili yenyewe imepeperuka, kilikuwa kitupu, safi.

"Mshenzi mkubwa," alisema, kwa sauti ya kusikika.

Akavibeba vyote hadi bombani, akafungulia maji, akashika brashi kama alivyoishika kwa miaka kumi na tisa. Hapo ndipo alipoona utando wa njano katika kile kilichokaa chini ya taa. Aliukwaruza kwa ukucha. Haukutoka.

Akafunga bomba.

"Mama Leonia! Vyombo!" mkuu aliita kutoka ukumbini.

Leonia alikifunika kisahani kwa kiganja, upepo usiingie.