Dole Gumba la Bi Somoe

Msiniambie Bi Somoe ni mvivu. Asubuhi nzima alikuwa majini akifunga mwani kwenye kamba, na saa nane mchana huyu hapa darasani, kwenye mkutano wa bomba la gesi litakalotoka visima vya baharini na kupita katikati ya shamba lake. Wifi yake Mwanahawa amemwonya: Karatasi yao usiitie dole, wifi. Wakisema ya mahudhurio, ya ridhaa hiyo. Bahari yenyewe siku hizi inachemka, mwani unaoza kambani, nao waongeze moto mwingine? Somoe ameapa hatatia. Mtaalamu wa kampuni ya gesi anasema, anasema, feni inazunguka, na usingizi unamwiba Somoe hapo hapo kwenye dawati.

Anajikuta anatembea juu ya bomba. Linakwenda tu, halina mwisho, maji yamekauka huku na huku, vigingi vyake vya mwani vimesimama mchangani vitupu. Mbele yake yuko mtu wa kofia ngumu, na chini ya kofia hamna uso, hamna hata pua. Somoe hamwamini hata chembe. We baba, unanipeleka wapi? Anajibiwa: Ulikokwisha kufika. Na shamba langu? Lipo, ila halipo kwako. Lo! Jibu gani hilo? Wanaingia mji wa vioo, kila kioo kina Somoe, na kila Somoe anatabasamu ilhali yeye hatabasamu. Kidole, mama, anasema asiye na uso, ni mahudhurio tu. Sitii dole! anang'aka Somoe, na hata nikitia hupati kitu, dole langu kamba zimelila miaka ishirini, limebaki laini, halina mchirizi hata mmoja, hata kitambulisho nilisumbuka kukipata. Asiye na uso anacheka, sijui kwa mdomo gani. Mara Somoe mmoja anatoka kiooni, ananyoosha dole lenye michirizi mizuri ya kisichana, analichovya kwenye wino.

Amka, wifi! Mwanahawa, katoka dawati lake la mbele, anamtikisa. Umefanya nini? Si uliapa mbele yangu? Somoe anatazama dole lake: buluu tupu. Anainyakua karatasi mezani kwa mtaalamu. Juu imeandikwa Tumeridhia, na mbele ya jina lake pana alama ya dole, michirizi yake yote inahesabika. Si langu hili, jamani, mimi sina michirizi! Anageuka amwonyeshe mtaalamu. Mtaalamu amekwisha vaa kofia yake ngumu, ameinamisha kichwa anafunga mkoba, na Somoe anainama taratibu, anamchungulia chini ya kofia, aone kama kuna uso.