Hatua Saba za Hobert

Bendi ya Wana wa Trace Fork ilikuwa na kipaza sauti kimoja, kama bendi nyingine za bluegrass, muziki wa nyuzi wa milimani kwetu Kentucky. Mwenye sauti kali alisimama nyuma asije akawameza wenzake. Hobert Sizemore, mwimbaji wa sauti ya juu, alianzia dirishani, hatua saba nyuma. Kila mwaka vumbi la makaa ya mawe, mgodini alikofanya kazi, lilimpunguzia pumzi na hatua moja. Mwaka wa saba midomo yake iligusa kipaza sauti, na mwezi Machi tukamzika.

Bendi iliendelea. Mpiga banjo alihamia Ohio kwenye kiwanda cha magari, akaja binamu yake. Mpiga fidla aliokoka, akasema fidla ni ya shetani, akaja mwalimu wa shule. Delphia, dada yake Hobert, alibaki na besi lake, zeze refu kumzidi. Nafasi ya Hobert alipewa mdogo wao Orbin, aliyerithi na sepetu yake mgodini. Jumamosi ya kwanza ukumbini, marehemu Hobert naye aliimba, kutoka dirishani. Hakuonekana, ila hakukosea hata neno. Watu walisogeza viti wasimzibe.

Orbin alipobakiza hatua mbili, Delphia alimwomba daktari wa mgodi amwandikie mdogo wake kazi ya nje ya mgodi. Daktari akasema atakuja kwanza kumsikia akiimba, apime mapafu yake. Jumamosi hiyo Delphia aliwahi ukumbini, akaenda dirishani.

"Kaka, leo nakusihi, usiimbe. Au basi kohoa."

"Nikohoe nini, dada? Vumbi nimeliacha kaburini. Kifua cheupe pee."

"Basi nyamaza tu."

"Orbin akatikiwe na pumzi mbele ya watu, mimi nimtazame? Wewe ungeweza?"

Delphia asingeweza. Alikaza nyuzi za besi.

Orbin alikatikiwa na pumzi kwenye ubeti wa pili. Hobert akampokea, juu, safi, vioo vikatetemeka. Daktari aliijua sauti ile. Ndiye aliyesaini cheti cha kifo cha Hobert. Aliandika: mapafu mazima.

"Huyo siye Orbin, na unajua," Delphia alisema.

"Karatasi haina sehemu ya kuandika nani, mama. Naandika nilichosikia."

Iliuma, na hapakuwa na la kufanya. Jumatatu Orbin alishuka mgodini.

Jumamosi iliyofuata Delphia aliwahi tena. Alisogeza benchi la dirishani, ikapatikana nafasi ya kusimama watu wawili.