Malkia Mgongoni kwa Wifi

Wifi mkubwa alikuwa ameshakata shauri: Jumapili isipite, nyuki wawe wameondoka uani. Nyumba ni ya kaka yake, na akisema jambo kaka huyo hufyata mkia. Mke wa kaka, fundi cherehani anayewapenda nyuki wake kama wanawe, akaomba kitu kimoja tu.

"Njoo uwaone nikiwagawa. Akikuuma hata mmoja, nawatoa mwenyewe."

"Nikiumwa, mtanitambua, wewe na hao wadudu wako!"

Lakini alikuja, amejitanda shuka mpaka puani. Wifi huyo haogopi mtu, ila mdudu, loo, humtoa mbio.

Mzinga ulikuwa umefurika, nyuki wananing'inia mlangoni. Kundi likijaa hivyo usipoligawa, linahama. Fundi akapuliza moshi, akawa anainua fremu za masega moja moja amtafute malkia, ajue atabaki upande gani. Malkia yule alikuwa mpole, na watoto wake wamemrithi, ndiyo maana majirani walivumilia. Akifa yule, nani ajuaye atakayekuja na hasira gani?

Kumbe fundi ana mazoea yake: nguo ikipendeza, humsogezea mteja hadi machoni aikague. Basi alipompata malkia, akamsogezea wifi fremu hiyo vilevile. "Ona mayai yalivyopangika!"

Wifi akaruka, kiwiko kikaigonga fremu.

Fundi akaikagua tena. Malkia hayupo. Akatazama majanini, hayupo. Kisha akaona nyuki wanamiminika begani kwa wifi, wanashuka mgongoni, wanatulia hapo kwa mamia.

"Wifi, usitikisike. Malkia yuko mgongoni kwako."

"Yuko wapi?"

"Na wenzake."

"Mungu wangu! Mtoe!"

"Ukijipiga kofi umemuua, na hawa wote watakugeukia. Tulia, dada yangu, nakusihi."

Tangu fundi aolewe hajawahi kumwita dada. Wifi akafumba macho. Midomo ilimcheza, kama anasali au anatukana, anajua mwenyewe. Fundi akausogeza mzinga mpya, akamshika mikono, akampigisha magoti taratibu, kisha akaitandaza ncha ya shuka hadi mlangoni mwa mzinga. Wakasubiri. Malkia akateremka bila haraka yoyote, akaingia, na wengine nyuma yake, hadi shuka likabaki tupu.

"Hakuna hata mmoja aliyeniuma," wifi akasema. Halafu akaangua kicheko, na fundi naye akacheka huku machozi yanamtoka.

Wifi akageukia mzinga wa zamani. "Na hawa waliobaki? Hawana mama?"

"Watajilelea malkia mwingine kutoka kwenye yale mayai. Wanataka utulivu tu, wasisumbuliwe."

Wifi akajikung'uta vumbi magotini.

"Basi kamwambie kaka yangu hawa ni wangu. Atakayewagusa atanikuta hapa mlangoni."