Arusi Iliyokataa Kuonekana

Tangu haji mmoja wa mtaani arudi kutoka Jeddah na kumkabidhi diski ya video, Bishara hakutulia. Ndani yake, aliambiwa, mlikuwa na arusi ya bintiye Sadia, aliyekwenda kufanya kazi huko akaolewa kwa watu ambao mamake hakuwajua hata kwa sura. Salamu zilizomfikia zilikuwa "Sadia hajambo", basi. Hazikumtosha.

Akaenda kwa jirani yake Arafa, ambaye mumewe alikuwa ameleta mashine mpya ya DVD kutoka Dubai. Wanawake wakajaa sebuleni, mlango ukafungwa, Arafa akaitia diski. Mashine ikavuma, ikakwaruza, kisha ikaitema. Wakaipangusa kwa pindo la leso, wakairudisha. Ikaitema tena.

"Pengine hamna kitu ndani," mmoja akanong'ona. "Pengine hata hiyo arusi yenyewe..."

Bishara alisikia. Akaichukua diski yake, akatoka bila kuaga, mbio mbio hadi kwa Kazungu, mwenye ukumbi wa video karibu na stendi ya Garsen.

Kazungu akaigeuzageuza juani. "Hii si ya kiwandani, mama. Imerekodiwa kwa kompyuta. Hizi mashine mpya za DVD, nyingi haziwezi kusoma diski ya namna hii. Yangu ni VCD, tena kuukuu. Huenda ikakubali. Nikuwekee sasa hivi?"

Bishara akachungulia ndani. Wanaume walikuwa wamebanana kwenye mabenchi. Arusi ya wanawake, Sadia kichwa wazi, ionekane hapa?

"Watoe," akasema.

"Mama, filamu iko katikati!"

"Basi nangoja. Ikiisha watoke wote. Na wewe pia."

Alikaa, akasimama, akauzunguka ukumbi, akakaa tena. Kila kicheko kilichotoka ndani kilimkera. Hatimaye Kazungu akawatoa watu, akaitia diski, akatoka upesi na kuufunga mlango.

Picha ikaja. Mikono yenye hina. Bega. Halafu ikaganda, ikavunjika vipande vipande vya rangi.

"Kazungu!" Bishara akavua leso ya mabegani, akaifunika televisheni. "Njoo. Lakini kitambaa hicho usikiguse."

Kazungu akaingia macho chini, akafungua mashine, akafuta kijicho chake cha kusomea diski kwa pamba, akaianzisha upya, akatoka.

Bishara akaifunua televisheni. Sadia alikuwa amekaa mbele yake, mzima, amenawiri. Kando yake alikuwa mwanamke mnene, mgeni kabisa kwa Bishara, akimlisha tende. Wanja ulipomchuruzika Sadia, yule mwanamke aliufuta kwa kidole chake, polepole, kama anayemfuta mtoto wa tumbo lake. Sadia akamwegemea, akacheka.

Wivu ulimchoma Bishara, hata akataka kuizima mashine. Mkono huo ulipaswa kuwa wangu, aliwaza, kidole hicho kilipaswa kuwa changu. Lakini hakuizima. Alimtazama mgeni yule akimtengeneza bintiye ushungi, na moyo ukamlegea, machozi yakamtoka.

"Nani wewe?" akakiuliza kioo.

Nje wanaume walianza kugonga mlango. Bishara hakuinuka mpaka diski ilipokwisha. Kisha akapita katikati yao bila kumtazama yeyote, akaelekea posta kupanga foleni ya simu, ampigie Sadia. Alilitaka jina la mwanamke yule, na alitaka kulisikia leo hii hii.